Mama Bonasi na Masikio ya Fundi

Daktari aliposema anahitaji mtu anayeijua vizuri sauti ya mgonjwa, Mama Bonasi hakujiuliza mara mbili. Alimnyooshea kidole mumewe, aliyekuwa amekaa pembeni na kofia yake mapajani, akasema, "Huyu hapa. Huyu amenisikia maisha yake yote."

Fundi akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali. Lakini daktari alikuwa anaongea huku anaandika, uso kauinamisha mezani, na katika maneno yake yote Fundi aliambulia nusu tu, tena nusu ya kubahatisha. Ya mkewe aliyasikia yote. Akajikuta ameitikia kazi asiyoijua, kama mtu aliyepokea mzigo gizani.

Ngoja nieleze taratibu, maana nikirukaruka mtasema Fundi ni mwongo. Mwongo hakuwa. Alikuwa mwoga. Mwoga na mwongo ni majirani, wanaazimana chumvi, lakini hawalali nyumba moja.

Mkewe alikuwa na uvimbe shingoni, ule wazee wanaouita rovu. Lilianza dogo kama ndimu, wakalifunika kwa mtandio, likawa chungwa, wakatafuta mtandio mkubwa zaidi. Mwisho likaanza kumbana koo. Akawa halali ila ameegemea mito, na akipanda ngazi anapumua kama anayekoroma. Daktari alisema kumlaza usingizi kabisa ni hatari, kwa sababu mpira wa hewa hautapita kwenye koo lililobanwa namna ile. Kwa hiyo shingo itatiwa ganzi, na yeye atapasuliwa akiwa macho.

"Nitakata, na wewe unaongea," daktari alisema. "Nyuma ya uvimbe unapita mshipa mwembamba kama uzi, ndio unaoendesha sauti. Nikiuvuta, sauti itakwaruza. Nikiukata, sauti imekwenda. Sasa wewe tayari una mikwaruzo, na mimi nimekujua juzi. Namtaka mtu wa nyumbani akae kichwani kwako. Akisikia tofauti, hata chembe, aniambie niache pale pale."

Akamwambia pia atafute kitu cha kusema ambacho hakihitaji kufikiri. "Siyo hadithi, utaisahau. Siyo sala, utalia."

Mama Bonasi akacheka. "Nitasema bonus," akasema.

Bonus ni neno la Kilatini, na maana yake ni -ema. Sisi tunasema mtu mwema, watu wema, jambo jema, mambo mema, tunapita zetu bila kutoka jasho. Walatini nao walikuwa na vurugu zao. Mwanamume ni bonus, mwanamke ni bona, kitu ni bonum, na hapo hata kizingiti hujavuka. Huyo mwema akiwa anatenda ana umbo lake, akiwa anamiliki ana lingine, akipewa lingine, akitendwa lingine, kisha waje wengi na kila kitu kigeuke upya. Ukiyapanga yote kwenye ubao, yanajaza ubao. Mama Bonasi aliyajua yote kwa wimbo. Alifundishwa na masista alipokuwa binti, wakati ambapo yeye mwenyewe alikuwa njiani kuwa sista. Njiani akakutana na kijana mshona kanzu za mapadri, akabadili nia. Watu walisema yule fundi amemwibia Mungu. Mungu hakulalamika, na jambo likaisha.

Kwa miaka mingi alifundisha Kilatini kwenye shule ya wavulana wanaoandaliwa upadri. Shule ilipolifuta somo, akalihamishia sebuleni. Mumewe alikuwa na cherehani chumba cha mbele, na kati yao lilikuwepo pazia tu. Wanafunzi wakiimba "bonus, bona, bonum; boni, bonae, boni," watoto wa mtaani wanadakia dirishani, na ndivyo alivyopata jina lake. Wapangaji wapya walidhani Mama Bonasi ni tajiri anayegawa bonasi mwisho wa mwaka. Walikuja na salamu nyingi mno, wakaondoka na Kilatini.

Kulikuwa na ugomvi mmoja tu ndani ya somo lile. Hilo bonae, masista walimfundisha kulitamka "bone". Akaja padri kijana, katoka masomoni, akasema hapana, Walatini wa kale walitamka "bonai". Mama Bonasi akamuuliza, "Hao wa kale ulikula nao lini?" Tangu siku ile, Fundi akitaka kumchokoza mkewe anasubiri wanafunzi wafike hapo, kisha anapaza sauti kutoka kwenye cherehani, "Bonai!" Kifutio cha ubao kinaruka juu ya pazia, kinamkuta au kinamkosa. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yao, na ilikuwa nzuri.

Sasa masikio. Fundi ujanani alifanya kazi kwenye karakana ya kushona sare, chumba kimoja, mashine zimepangwa bega kwa bega zikinguruma kutwa. Sikio la kushoto lilikufa bila kuaga. La kulia likaanza kumfuata mwenzake polepole. Hakumwambia mtu. Alijifunza kutazama midomo. Alijifunza kucheka wenzake wakicheka na kusema "tutaona, tutaona" anapoulizwa jambo. Mteja mgumu akija, Fundi anabana pini mdomoni, maana mwenye pini mdomoni hadaiwi jibu. Cherehani yenyewe aliijua kwa viganja. Bobini ikikwama, aliweka mkono juu ya mashine akahisi mtetemo umebadilika.

Kwa nini alificha? Kwa sababu baba yake alikufa kiziwi, na Fundi aliona walivyomfanya. Walimzungumzia mbele yake kama kabati. Waligawana mashamba yake yeye amekaa pale pale, anatabasamu, anadhani wanaongelea mvua. Fundi aliogopa kuwa kabati. Aliogopa kuliko kifo, na alikuwa na kinga moja tu moyoni: sauti ya mkewe aliisikia vizuri. Hata akiwa amempa mgongo. Hata akiwa jikoni na sufuria zinapigana. Masikio yanayomsikia mke hayajafa, alijiambia, haya mengine ni watu wa siku hizi kunung'unika badala ya kuongea.

Kweli alikuwa amegundua mkewe siku hizi ana sauti kubwa. Wanafunzi walisogeza viti nyuma. Shemeji yake, mdogo wake Mama Bonasi, alipomtembelea aliziba masikio akasema, "Dada, mimi nipo hapa, siyo ng'ambo ya mto!" Fundi alicheka sana. "Uzee umempa mdomo," akasema. Mama Bonasi akaenda kumimina chai.

Siku moja kabla ya upasuaji, alasiri, saa ya kuona wagonjwa, Fundi alikwenda wodini amedhamiria kusema. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno. Mke wangu, mimi sikio moja limekufa na la pili linakufa, mtafute mtu mwingine. Siyo maneno mengi. Alimkuta amekaa kitandani na muuguzi wa zamu, binti mcheshi mwenye mwanya, wanaimba bonus pamoja.

"Umefika? Kaa, nisikilize!" Mama Bonasi akasema. Akaanza. Akayasema yote, wodi nzima ikisikia, na wagonjwa wawili wakageukia ukutani. Fundi alisikia kila umbo. Bonorum, bonarum, bonorum, yote wazi, kila irabu mahali pake. Woga ukashuka kidogo. Kumbe nasikia, akajiambia. Sasa nitangaze aibu ya nini?

Muuguzi alipoondoka, Mama Bonasi alimshika mkono. "Naogopa," akasema. "Nisikufiche. Kisu sikiogopi sana. Naogopa kutoka mle sina sauti. Mwalimu bubu ni mwalimu wa nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Fundi alifungua mdomo.

"Sauti haiendi popote," akasema. "Nipo mimi."

Yalimtoka kabla hajayapima, na yeye ni mtu wa kupima. Alirudi nyumbani akaketi kwenye cherehani, akanyoosha kitambaa, akakikunja, akakinyoosha. Alijiita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Asubuhi walimvalisha gauni la kijani, kofia ya kitambaa na mabuti ya mpira makubwa kuliko miguu yake. Upindo wa gauni ulikuwa umeshonwa ovyo, nyuzi zinaning'inia, na kwa dakika chache hilo lilimsaidia kuwa na jambo la kulaani. Kisha wakamfunga barakoa. Akainua macho. Daktari ana barakoa. Muuguzi mwenye mwanya ana barakoa. Msaidizi wa daktari ana barakoa. Mungu wangu! Chumba kizima, hakuna mdomo hata mmoja wa kusoma.

Daktari alimwambia kitu. Fundi akaitikia kwa kichwa. Daktari akamwambia kingine, kirefu zaidi, huku akionyesha kiti. Fundi akaitikia tena. Muuguzi akamshika mabega, akamkalisha kichwani kwa mgonjwa.

Mkewe alikuwa amelazwa chali, mto chini ya mabega, shingo imevutwa nyuma. Kitambaa cha kijani kilisimamishwa kama ukuta kidevuni, kwa hiyo Fundi aliona uso peke yake, tena kichwa chini miguu juu. Ng'ambo ya ukuta ule ilikuwa mikono ya daktari na taa kubwa. Sindano za ganzi zikaingia. Mama Bonasi akafumba macho, machozi yakatiririka kuelekea masikioni. Akayafumbua, akamtazama mumewe, akaanza.

Fundi aliona midomo inakutana na kuachana. Bo. Bo. Bo.

Hakusikia kitu.

Mashine ya kunyonya damu ilikuwa inanguruma, feni inavuma, na ndani ya kelele hizo mkewe alikuwa amekuwa picha. Akainama. Akageuza sikio la kulia, akalisogeza hadi karibu na paji la uso wake. Kitu kidogo kama upepo, basi. Mwanamke huyu hakuweza kupiga kelele, shingo imewekewa kisu. Alikuwa anaongea kama watu wanavyoongea. Na hapo Fundi akaelewa, akiwa amekaa kwenye kile kiti, mabuti yamempwaya. Hii ndiyo sauti yake. Ile aliyokuwa anaisikia nyumbani, jikoni, nyuma ya pazia, haikuwa uzee wala mdomo. Miaka yote hiyo alikuwa anapaza kwa ajili yangu. Kwa koo lile. Kwa rovu lile.

Alitaka kulia na hakukuwa na nafasi. Macho ya daktari yaliinuka juu ya ukuta wa kitambaa. Barakoa ikatikisika. Ameuliza. Hakuna shaka ameuliza, Sauti vipi? Muuguzi naye akainua nyusi.

Kutikisa kichwa ni jambo jepesi. Shingo ya Fundi ilikuwa imezoea, ilishaanza yenyewe kushuka. Akiitikia, kazi inaendelea na hakuna anayejua. Akiitikia, uzi ule mwembamba unaweza kukatwa hapo hapo mbele ya macho yake, na yeye anatabasamu kama baba yake siku ya kugawana mashamba. Akaishika shingo yake. Nasema kweli, aliishika kwa mkono, kama mtu anayemzuia ng'ombe.

"Sisikii!" akasema. Alidhani amesema polepole; alipiga kelele hadi msaidizi akaruka. "Daktari, mimi kiziwi! Simsikii mke wangu!"

Mikono ya daktari ikasimama hewani. Kisha macho ya daktari yakawa makali, barakoa ikacheza haraka haraka, na msaidizi akamshika Fundi mkono kumtoa nje. Ndipo Mama Bonasi akasema jambo, na msaidizi akamwachia. Fundi hakulisikia. Muuguzi ndiye aliyemwinamia sikio la kulia, akamtupia maneno kwa nguvu:

"Amesema ukitoka wewe, yeye anafunga mdomo!"

Akamgeukia daktari, akaongea naye huku akijigonga kifua. Baadaye Fundi aliambiwa alichosema: kwamba wiki nzima mgonjwa alikuwa akimfundisha bonus makusudi, hata anaijua sauti yake kama anavyoijua ya mama yake, na kwamba mgonjwa alimwomba asikilize yeye, kwa kuwa mume wake atakuwa na kazi nyingine. Daktari alijibu kwamba chumba ni chake na yeye ndiye wa mwisho kuambiwa mambo. Lakini akashusha mikono.

Fundi alimtazama mkewe. Mama Bonasi alikuwa anamtazama tangu mwanzo. Akatamka polepole, mdomo wazi, kama anavyomtamkia mwanafunzi mgeni, na ingawa midomo ilikuwa juu chini Fundi aliisoma yote.

"Najua. Zamani najua."

"Sasa ulinichagua kwa nini?"

"Sikutaka masikio yako. Nilitaka uso wako."

Wakaendelea. Muuguzi aliinamisha kichwa kusikiliza. Fundi hakujua aweke wapi mikono yake, akaviweka viganja vyote viwili utosini kwa mkewe, juu ya kofia ya kitambaa, kama anavyoshika cherehani. Akausikia. Mtetemo mdogo, wa mbali, unapanda mfupani: bonus, bona, bonum. Unakatika, unaanza tena. Alifunga macho. Aliogopa kuinua hata kidole kimoja.

Mahali fulani katikati, mtetemo ukafa. Akafumbua macho. Midomo ya mkewe ilikuwa inaendelea, bo, bo, bo, na chini ya viganja hakuna kitu, kama mashine inayozunguka bila uzi. Fundi alivuta pumzi apige kelele, lakini muuguzi alikuwa ameshainua mkono na daktari ameshasimama. Wote wakawa sanamu. Daktari aliachia kitu, polepole, nyuma ya ukuta wa kitambaa. Mama Bonasi alikuwa na macho makubwa. Yeye mwenyewe alikuwa amejisikia akipotea. Fundi alitamani wabadilishane, alazwe yeye, ikatwe shingo yake ambayo haina kazi zaidi ya kuitikia.

Bo, ilisema midomo. Bo.

Kisha chini ya kiganja cha kushoto, kidogo kabisa, ukarudi.

Baada ya kazi daktari alimfuata ukumbini. Alishusha barakoa, akasimama mbele yake uso kwa uso, akatamka neno moja moja. Alikuwa mtu mwema, kumbe, ila ana hasira.

"Sauti ipo. Nzuri kuliko alivyokuja. Lakini kupiga kelele, basi. Mshipa ule umevutwa. Akipaza sauti kama alivyozoea, ataipoteza. Umenielewa?"

Fundi alielewa, tena upesi kuliko daktari alivyodhani. Sauti ya mkewe imepona, na haitamfikia. Itawafikia wanafunzi, shemeji, muuza mkaa, kila mtu isipokuwa yeye. Alimshukuru daktari kwa mikono miwili. Alifurahi, na akalia, na hakujua kipi kinamliza.

"Na wewe uende chumba cha masikio," daktari akaongeza. "Kuna vidude vya kuvaa. Vingine vinasaidia."

"Visiposaidia?"

Daktari akainua mabega. Fundi akasema atakwenda. Aliogopa, lakini aliahidi kwa mdomo wake, hakuitikia kwa kichwa.

Wodini aliwakuta wanawake wamemzunguka Mama Bonasi, amefungwa bendeji nyeupe shingoni, anawaambia kitu na wao wanacheka. Mmoja alimgeukia Fundi, akamwambia kwa ishara na mdomo mpana kwamba mkewe ana sauti kama ya msichana. Fundi akasema ndiyo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Watu wakaongea juu ya kichwa chake, huku na huku, na ule woga wa zamani ukamkalia kifuani: ndiyo haya, nimeanza kuwa kabati.

Mama Bonasi akamshika ukosi wa shati. Akamvuta, akamvuta hadi sikio la kulia likagusa midomo yake.

Fundi hakusikia sauti. Alihisi pumzi, vipigo vitatu vya joto kwenye ngozi ya sikio. Bo, bo, bo. Mkewe akatua kidogo, kama wimbo unavyotaka. Kisha kipigo kimoja tena, bo, na kimya.

Akangoja. Kimya. Mkewe hakuendelea, wala hakuuachia ukosi. Alikuwa anamsubiri, kama alivyokuwa akiwasubiri wanafunzi wake, na Fundi alijua walipofika. Walikuwa wamefika pale pale, penye ugomvi, ambapo kifutio huruka juu ya pazia. Miaka yote alikuwa amelitamka neno lile kwa namna ya padri, kwa uchokozi.

"Bone!" akasema Fundi, kwa namna ya mkewe.

Alilisema kwa sauti ya mtu asiyejisikia. Wodi nzima ikageuka, na sahani ikaanguka mahali fulani. Mama Bonasi akaweka kidole mdomoni, mabega yanatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, kisha akamvuta tena karibu, akaendelea na boni.